Swichi ya sailenti irudi, batani imenitia aibu kwa wakwe

Mhariri,

Naomba nafasi kwa ukurasa wa barua. Najua hii ni ndefu na wewe una makasi, lakini kama ni lazima ukate basi kata huko mwisho, huku mwanzo uniachie maana ndiyo aibu yenyewe iko.

Mimi ni fundi wa simu hapa Kondele, Kisumu. Hii kazi niko nayo tangu 2009, nilianza na meza moja na mwavuli wa soda, siku hizi niko na kibanda chenye mlango na kijana wa kunisaidia. Mwezi uliopita tulikuwa na mazishi kwa wakwe zangu pande za Luanda, marehemu ni mdogo wake baba mkwe, mzee aliyenipokea vizuri sana wakati nilipeleka mahari, na wewe unajua mambo ya ukwe huku kwetu. Mkwe hakai ovyo, mkwe hacheki ovyo, mama mkwe ukimwona kwa mbali unatafuta njia nyingine. Sasa tumekaa chini ya tenti, sisi wakwe tumewekwa mstari wetu, suti zimetubana, nikaingiza mkono mfukoni nijue kama simu bado iko sailenti.

Simu yenyewe ni ya bei kidogo, jina sitaji kwa sababu kampuni zilizofanya hii kitu ni zaidi ya moja na mimi sina pesa ya wakili, halafu kusema kweli kosa lilikuwa la kidole changu. Asubuhi tukiwa kwa matatu tumefika Maseno nilikuwa nimeshaiweka sailenti. Lakini mtu akiwa na wasiwasi hatulii, nikataka tu kuhakikisha. Nikabonyeza ile batani ya ubavuni nikaishikilia kidogo, ikatetemeka, nikajiambia sawa, iko poa. Kumbe ndiyo nimeitoa sailenti! Dakika kama tano hivi baadaye pasta akasema tusimame tumkumbuke mzee kwa kimya, watu mia tatu wamesimama, hata watoto wamenyamaza, hata kuku, na hapo ndani ya suti yangu ohangla ikaanza, ngoma na kinanda, nguvu zote. Nikaingiza mkono ukakwama kwa sababu suti ni ya arusi na mimi si wa arusi tena. Ikapiga mpaka ikaisha. Halafu yule mtu akapiga tena, mteja wa skrini, anauliza imefika ama bado.

Mama mkwe hakugeuka. Angegeuka ingekuwa afadhali. Mzee mmoja nyuma akasema polepole, "Mkwe amekuja na bendi," na mpaka leo nikipiga simu huko watoto wa shemeji wananiuliza bendi itakuja lini.

Sasa nimefikiria hii maneno karibu wiki tatu, nafungua simu za watu huku nawaza yangu, na naona tofauti yote iko mahali pamoja. Ile swichi ya zamani ya kunyamazisha simu, ile ya ubavuni ya kusukuma na kucha, ukitaka kujua iko upande gani unaipapasa tu. Unaigusa, inakuambia, unatoa mkono, hakuna kitu umebadilisha. Batani haina upande. Unaibonyeza inarudi palepale, saa zote iko vilevile, sasa ukitaka kujua hali yake lazima uibonyeze na ukiibonyeza tayari umeibadilisha. Kuuliza ndiyo kuharibu. Ni kama unataka kujua kama mtoto amelala halafu unamtingisha umuulize.

Najua kuna mtu atasema si ungetoa simu uangalie skrini, kuna alama ya kengele iliyokatwa hapo juu. Iko, ndiyo. Lakini kazi ya swichi ilikuwa hiyo hasa, usitoe simu, maana mkwe akitoa simu matangani uso unang'aa na watu wanasema anasoma meseji marehemu akiwa hapo mbele. Na mtetemo pia uko, unatetemeka hivi ukizima na vile ukiwasha, lakini mtu akiwa mbele ya jeneza hahesabu mitetemo.

Kwa wale hawajui hii kitu ilianzia wapi wacha niwaeleze kidogo. iPhone ya kwanza ilitoka 2007, mwaka uleule M-Pesa ilianza hapa kwetu. Steve Jobs, mkubwa wa kampuni ya Apple wakati huo, aliwaonyesha watu Januari na ikaingia madukani Juni huko Marekani. Hiyo simu ilikuwa karibu haina batani, uso wote kioo na batani moja tu chini, kila mtu akashangaa mtu ataandikaje meseji bila vitufe. Lakini ubavuni wakaacha swichi ndogo ya kunyamazisha. Hebu fikiria, watu waliothubutu kutupa kibodi nzima waliona hii moja haitupiki. Ikakaa miaka 16. Tundu la iafoni liliondoka 2016 kwa iPhone 7, ile batani ya mviringo ya chini ikaondoka 2017 kwa iPhone X, swichi bado iko. Halafu Septemba 2023 ikatoka iPhone 15 Pro, swichi hakuna, mahali pake kuna batani inaitwa Action Button, unaichagulia kazi mwenyewe, tochi, kamera, kurekodi sauti, ama ile kazi yake ya zamani ya sailenti. Ile 15 ya kawaida iliponea, lakini 2024 walipotoa iPhone 16 batani ikaingia zote. OnePlus nao, ambao tangu OnePlus 2 ya 2015 walikuwa na swichi tamu kushinda, ya ngazi tatu, ambazo baadaye zikawa mlio, mtetemo, kimya, 2025 kwa OnePlus 13s wakaitoa wakaweka batani wanaiita Plus Key. Nyinyi wa Tecno na Infinix najua mnaniona nalia juu ya kitu hamjawahi kuonja. Ngojeni kidogo, nitawafikia.

Na kwa nini naandika sasa hivi na si 2023? Kwa sababu huku kwetu mambo hufika na eks-UK. Simu inatumika huko London miaka miwili mitatu, inauzwa, inapitia Dubai, inasuguliwa, inafika Kisumu kwa boksi jipya na chaja ambayo si yake. Kitu kikitolewa kwa simu mpya 2023, watu wa Kondele wanaanza kukikosa sasa. Wiki hii pekee watu wanne wameniuliza, fundi, swichi ya hii simu ilianguka? Wanadhani imeng'oka, wanataka niwawekee. Mmoja alikuja ameshika kijiti cha kiberiti, alikuwa amejaribu kuisukuma ile batani kwenda chini.

Lazima niseme ukweli pia, swichi imenilisha. Jamaa mmoja ana posho mill, simu yake nilikuwa naifungua kila baada ya miezi michache, unga umejaa kwa ule mfereji wa swichi umeshikana kama ugali, natoa na mswaki na spiriti, swichi inapiga klik, analipa, anarudi kwa unga. Akina mama wa samaki ni magamba. Watu wa boda ni mchanga. Na ikifa kabisa, kwa simu nyingi swichi na batani za sauti ziko kwa fleksi moja, ule utepe wa waya wa ndani, nyembamba kama ganda la kitunguu, inabidi ufungue skrini, utoe betri, utoe skurubu ambazo ukipiga chafya zimeenda, ubadilishe yote kwa sababu ya kitu kidogo kama punje ya mchele. Hiyo ni nusu siku. Halafu kuna ile ugonjwa mwingine, swichi inalegea, inajisukuma yenyewe ndani ya jinzi, simu inanyamaza na mwenyewe hajui. Kuna mteja alikosa simu kumi na moja za mkewe usiku mmoja, alikuja kwangu asubuhi si kutengeneza simu, alitaka niandike kwa risiti kwamba swichi ndiyo ilikuwa mbaya. Niliandika. Ilikuwa kweli. Kwa hivyo sisemi swichi ni malaika, na batani zimenipunguzia hiyo kazi yote, na bado nasema irudi, mjue hapo kwamba si tumbo linaongea.

Kitu ingine watu hawajui, na hii niliwahi kubishana nayo na mwalimu mmoja wa fizikia karibu tushikane mashati, ile swichi haikati waya. Swichi ya ukutani inakata stima, mambo yameisha. Swichi ya simu inaambia programu tu kwamba mwenye simu anataka kimya, halafu programu ndiyo inaamua. Ndiyo maana iPad ya kwanza ya 2010 ilitoka na swichi ubavuni ya kuzuia skrini isigeuke, halafu Novemba mwaka uleule watu wakaapdeti na swichi ileile, chuma kilekile, ikawa ya kunyamazisha. Watu wakapiga kelele, 2011 wakaapdeti tena wakaambiwa chagueni wenyewe. Na ndiyo maana pia alamu inalia hata kama uko sailenti, hii nawaambia wateja kila siku hawasikii. Januari 2012 huko New York okestra kubwa ya New York Philharmonic ilikuwa inapiga muziki wa polepole sana karibu na mwisho, iPhone ya mtu aliyekaa mbele ikaanza kulia na haikunyamaza, mpaka kondakta, Alan Gilbert, akasimamisha okestra nzima akangoja. Mwenye simu alikuwa ameiweka sailenti vizuri kabisa. Ilikuwa alamu. Simu ilikuwa mpya hakuizoea. Huyo mtu natamani nimpe mkono.

Simu zenye swichi za kukata kweli ziko lakini ni za watu wachache, kuna moja inaitwa Librem 5 iko na swichi tatu ubavuni, ya kamera na maikrofoni, ya waifai, ya mtandao, na PinePhone nayo ukitoa kava ya nyuma unapata viswichi vidogo vimepangwa mstari. Mimi sijawahi kuzishika, nimeona picha tu, na hata sizihitaji, mambo yangu hayana siri ya kiwango hicho. Mimi nataka tu kimya kile kidogo.

Sasa mnisikilize hapa kwa habari ya maji, maana kila nikilalamika kuna mtu anasema swichi iliondolewa sababu ya maji. iPhone XS ilitoka 2018 ikiwa na kiwango cha IP68, inakaa mita mbili chini ya maji nusu saa kulingana na wenyewe, na swichi ilikuwa hapo ubavuni. Na 11, 12, 13 mpaka 14 nazo zilikuwa IP68 na swichi iko. Maji si sababu. Sababu naona ni kwamba batani inaweza kupewa kazi nyingi na swichi inajua moja tu, na siku hizi kitu kinachojua kazi moja kinaonekana mjinga.

Kijana wangu wa kazi hapa hatukubaliani kabisa na nimeahidi nitaandika maneno yake pia. Yeye anaipenda batani. Ameiweka tochi. Kibanda chetu kina giza, skurubu ikianguka anashika simu na mkono mmoja, anabonyeza, anaona, anaokota, hakuna kufungua skrini wala kutafuta. Akaniambia, "Mzae, wewe unaweka sailenti mara moja kwa wiki, Jumapili, mimi tochi naitaka mara ishirini kwa siku, nani anafaa apewe batani?" Na sikuwa na jibu. Halafu akaongeza, "Na swichi yako hiyo unayoisifu ndiyo ilichoma mkeka kwetu." Hiyo hadithi naijua, stima ilipotea dada yake akiwa anapiga pasi, akaenda kwa jirani, swichi ya soketi ikabaki chini vile aliiacha, stima ikarudi saa mbili usiku hakuna mtu nyumbani. Swichi haisahau. Ukiiacha imewaka itakungojea imewaka, hata kama wewe umesahau. Kwa pasi hiyo ni hatari, nakubali.

Lakini nikamjibu kesho yake, maana usiku nilikuwa nimeipata. Tochi ikiwaka unaiona. Haina haja ya kukuambia hali yake, mwanga wenyewe ndiyo habari, ukiiwasha kwa makosa utajua na ukiizima utajua, kwa hivyo tochi inafaa batani kabisa. Kumbuka mulika mwizi, ile Nokia 1100 ya 2003 iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani, tochi yake ilikuwa kwa batani ya C na hakuna mtu aliwahi kulalamika, nyanya zetu waliitumia kwenda choo usiku. Ukimya si hivyo. Ukimya hauonekani. Simu iliyo sailenti na simu ambayo haijapigwa zinafanana, zote zimetulia, utajua tofauti siku ya aibu. Kitu kisichojionyesha ndicho kinahitaji swichi ya kupapasa. Kijana akanyamaza, halafu akasema basi waweke zote mbili. Tukacheka, lakini kwa nini isiwe hivyo? Ubavu wa simu una nafasi, iPhone 16 ilipotoka waliongeza hata batani nyingine ya kamera upande wa pili. Nafasi ilipatikana.

Kuna mzee mmoja mteja wangu, mwalimu mstaafu, haoni, anakaa Manyatta. Hataki kuitwa kipofu, anasema mimi sioni basi. Simu yake ya zamani ilikuwa na swichi na ilikuwa inamsomea kila kitu kwa sauti, anateleza kidole inamwambia yuko wapi. Kabla hajaingia kanisani anasimama mlangoni, ukucha unapita ubavuni mara moja, anaingia. Sekunde moja. Kijana wake aliyeko Qatar akamletea simu mpya ya batani, yeye mwenyewe alifurahi, siku ya tatu akaja kwangu. Akaniambia, fundi, ili nijue kama hii simu imenyamaza lazima niiulize, na ikinijibu inaongea! Anasimama mlangoni mwa kanisa simu inatangaza kwa sauti ya mwanamke wa Kizungu kwamba iko kimya, watu wanageuka. Tukamfundisha kutumia iafoni, tukapunguza sauti, lakini mtu wa miaka sabini na kitu aanze kuvaa iafoni ndio aingie kanisani? Amerudia simu yake ya kwanza. Betri nimembadilishia mara mbili, na nikipata fleksi ya swichi yake mahali namwekea kando, naogopa zitaisha.

Na hao ndio wa Tecno na Infinix pia sasa, nilisema nitawafikia. Shida si ya iPhone peke yake. Batani ya pawa zamani ilikuwa ya kuwasha na kuzima. Siku hizi ukiishikilia kwa simu nyingi inakuita msaidizi wa kuongea, anakuuliza nikusaidie nini, na wewe unataka kuzima tu. Watu wananiletea simu wanasema imekataa kuzima. Imekataa wapi, ni lazima ushike pawa na sauti pamoja, ama uende mahali fulani kwa setingi. Ukibonyeza mara mbili inafungua kamera. Ukibonyeza mara tano inapigia polisi. Hii ya tano imenitoa jasho mimi kwa sababu nikimaliza kutengeneza batani ya pawa lazima niipime, napiga haraka haraka tap tap tap tap tap kuona kama inashika, na simu inaanza king'ora, tatu, mbili, moja, mteja ameshika kichwa, mimi natafuta mahali pa kusimamisha. Si mimi peke yangu. Juni 2023 polisi wa Uingereza walilalamika hadharani kwamba laini ya 999 imejaa simu ambazo hakuna mtu alikusudia kupiga, na wakataja hiyo kitu ya kubonyeza mara tano kwa simu za Android. Mtu yuko kwa basi simu inajibonyeza mfukoni, polisi wanasikiliza redio.

Wacha niseme na ya meli halafu nimalize, maana sisi tuko kando ya ziwa na mambo ya usukani tunaelewa. Meli ya kivita ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore tarehe 21 Agosti 2017, mabaharia 10 wakafa. Uchunguzi ukaonyesha kwamba moja ya sababu, si moja pekee, ni waliokuwa kwa usukani walichanganyikiwa na skrini za kugusa zilizowekwa badala ya vyuma vya kushika na mkono, hawakujua usukani uko kwa meza ya nani. 2019 jeshi lao la wanamaji likasema linarudisha vyuma. Sasa mimi sifananishi ohangla ya matangani na watu waliokufa maji, Mungu anisamehe. Nasema tu kwamba mkono ulikuwa unajua kitu bila kuuliza jicho, wakauondolea, na wakaona.

Ombi langu si kwa watu wa Apple huko California, hao hawasomi gazeti hili. Oktoba 2023 kilifunguliwa kiwanda cha kuunganisha simu hapa Kenya, Athi River, simu za bei nafuu, elfu saba hivi elfu tisa, na ni furaha kwetu sisi mafundi kwa sababu spea zitakuwa karibu. Hao wako na nafasi ya kufanya kitu ambacho wakubwa wameacha. Wekeni swichi moja ya kusukuma. Iwe kubwa kidogo kuliko ile ya zamani, iwe na kidoa cha rangi, mfereji wake uwe mpana ili unga utoke bila kufungua simu, na iwe na fleksi yake peke yake isiunganishwe na batani za sauti, ili ikifa mtu alipe mia tatu si elfu mbili. Mkitaka ushauri zaidi ulizeni Kondele, kibanda cha mlango wa buluu, nitachora bure kwa karatasi. Nimewaambia mjue naongea kama mtu atakayekosa hiyo elfu moja mia saba kila mara.

Mimi kwa sasa ile batani nimeiweka tochi, kijana ameshinda hapo. Ringtoni nimebadilisha pia, nimeweka kengele ya kawaida. Lakini Jumamosi tunarudi Luanda kuvunja matanga na siwezi kubahatisha. Nimenunua katululu, kasimu kadogo ka vitufe, ya elfu moja na mia mbili, nyeusi, kava yake inatoka na kucha. Simu itakaa mfuko wa kulia na betri yake mfuko wa kushoto.

Fundi wa simu,
Kondele, Kisumu